Kamba Mawe wa Birongo

Jumatatu, 19 Machi 1973

Mvua imeanza. Kwetu Kisauni, Mombasa, mvua huja na kelele, ikamwaga, ikapita. Hii ya Birongo inafika mchana kama mgeni aliyekuja kukaa. Nimechuma chai tangu asubuhi na mama mkwe wangu, Kwamboka, na Gesare, mke wa shemeji yangu mkubwa. Wanazungumza Kikisii, wakinikumbuka wananitupia neno la Kiswahili.

Walter, mume wangu, akimwita mama yake "baba" bado nashtuka. Kwa Kikisii baba ndiye mama. Mwaka wa pili huu, na masikio yangu hayajazoea.

Jumatano, 21 Machi

Mvua. Mwanangu Esnah ana mafua.

Jumapili, 25 Machi

Walter anakwenda Mombasa kwa semina ya watu wa chai. Akaniuliza aniletee nini. Sikufikiri hata kidogo, nikasema, "Kamba mawe." Kaka yangu anafanya kazi kwenye ghala la barafu pale wanapogandisha mikia ya kamba ya kupelekwa Ulaya. Walter akacheka. Alipokuwa karani bandarini, wakati ananiposa, alikula kwetu kamba mawe wa kuchoma mpaka baba yangu akaanza kumwonea haya.

"Na mama?" nikamuuliza. Mama Kwamboka ni Msabato wa kweli, ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Samaki asiye na magamba na mapezi haingii kwake.

"Si yeye atakula," akasema Walter. "Jikoni kwako ni kwako."

Ni rahisi kwake kusema.

Jumanne, 3 Aprili

Walter ameondoka jana. Njia ya Masimba imekuwa uji.

Nimeazima limau kwenye ua wa Gesare. Alinipa, lakini alisubiri niondoke ndipo akamruhusu mwanawe kutoka nje. Najua sababu. Mwaka juzi, sijamaliza hata miezi miwili hapa, alimzika mtoto wake mchanga. Homa. Siku moja kabla mtoto hajaugua nilikuwa nimempakata. Hakuna aliyenitamkia neno. Lakini tangu siku hiyo Gesare hanipi kitu mkononi. Anakiweka chini, nami nakiokota.

Jumapili, 8 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana kichwa changu kimevurugika.

Walter alifika Ijumaa mchana, maji yakimtiririka, sanduku la mbao begani. Ndani, katikati ya vumbi la mbao, barafu ilikuwa imebaki vipande vidogo kama kete za bao. Mikia ilikuwa mizito, ya kijani yenye madoa, ncha zake zimeanza kulainika.

"Ni leo tu," nikamwambia. "Kesho Sabato, moto hauwashwi. Jumapili itakuwa imeoza."

Akaenda kuripoti kituo cha chai, akasema atarudi kabla jua halijazama.

Nikawasha makaa. Nikapasua magamba mgongoni kwa mkasi wa kushonea, nikatoa ule uzi mweusi, nikaiinua nyama ikalala juu ya gamba lake. Kitunguu saumu, pilipili, chumvi, limau. Tui sikuwa nalo, nikatumia siagi. Nikaanza na upande wa nyama juu ya wavu, kidogo tu, hadi ishike rangi, halafu nikageuza gamba likae kwenye moto na siagi ichemke ndani yake kama kwenye kisahani. Gamba likawa jekundu. Ile harufu! Nilisimama pale machozi yananitoka, na moshi haukuwa umenifikia.

Mama akaingia. Kila Ijumaa hupita nyumba zote kuhakikisha moto utazimwa mapema.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Kitu cha baharini, mama. Cha kwetu."

"Iko na magamba? Iko na mapezi?"

"Gamba ni hilo. Mapezi hana."

Akageuka kutoka. Hapo mvua ikashuka, ile ya kupiga mabati mpaka hamsikizani. Akarudi, akakaa kwenye kigoda, akajifunika kanga puani. Tukakaa hivyo. Mimi nageuza, yeye anatazama. Baada ya muda kanga ikashuka.

"Mimi sijaona bahari," akasema. "Mzee alikuwa ameniambia tutaenda. Akakufa. Watoto wangu wote wameona. Mimi nitakufa bila kuona."

Nikakata vipande, nikaviweka kwenye kisahani, nikala kimoja mwenyewe kwa kuwa nilikuwa na njaa. Sikumkaribisha. Mungu ananiona, sikumkaribisha. Mkono wake ndio ulionyooka, polepole, ukachukua kipande cha pili kwenye kisahani changu. Akakitafuna macho yamefumbwa. Akachukua na kingine.

Kisha akafuta vidole vyake kimoja kimoja. "Mtu asijue. Hata mtoto wangu. Sema."

"Sitasema, mama."

"Sema kwa Mungu."

Nikaapa. Mvua ikapungua, akaenda kwake.

Walter alikuwa ndiyo kwanza amekaa kula niliposikia Gesare anapiga mayowe. "Baba! Baba!" Tukakimbia. Mama alikuwa sakafuni, mkono kooni. Midomo imevimba, macho yamefunikwa na uvimbe, shingo na mikono vina mabaka mekundu, na kila pumzi inapita kwa mluzi. Walter akakimbilia kituoni kuita lori la majani ya chai.

"Amekula nini?" Gesare akaniuliza. "Alikuwa kwako. Umempatia nini?"

Nikamtazama mama. Kwenye nyufa za macho yake aliniona. Akatikisa kichwa.

"Hakula kitu," nikasema.

Ndani ya lori, kichwa cha mama mapajani mwangu na Gesare mbele yetu, tulikwama mara mbili kwenye matope. Kila tulipokwama niliusikiliza ule mluzi wa pumzi yake, nikajiambia: ukikatika, mimi nimemuua.

Hospitalini mjini alitupokea daktari kijana, Angwenyi. Nikamvuta pembeni ya mlango, nikamnong'oneza kila kitu. Hakupoteza wakati. Alimdunga sindano, akamdunga nyingine, na kabla chupa ya maji haijafika nusu mama akaanza kupumua kama mtu.

"Kuna watu miili yao inakataa vitu vya bahari," akaniambia. "Asiguse tena maisha yake yote."

"Usiwaambie, daktari. Nimemwapia."

"Ya mgonjwa ni ya mgonjwa," akasema. "Lakini wewe jiangalie."

Nilipogeuka, Gesare alikuwa amesimama kwenye korido, ananitazama.

Jumanne, 10 Aprili

Mama amerudi nyumbani. Uvimbe umeisha. Nilimpelekea uji. Aliunywa, akanirudishia kikombe bila kuniangalia usoni.

Ijumaa, 13 Aprili

Gesare kaniuliza, mbele ya wanawake kisimani, nilimnong'oneza nini daktari. Nikasema nilimwomba aharakishe. Hata mimi nilisikia ulivyo uongo.

Jumatano, 18 Aprili

Mvua. Watoto wa Gesare hawaji tena kucheza na Esnah. Anasimama mlangoni anawaita kwa majina.

Jumamosi, 21 Aprili

Mbwa amenifukulia balaa. Yale magamba nilikuwa nimeyafukia migombani. Leo watu wakirudi kanisani wakamkuta mbwa analiburura moja uwanjani. Jekundu, lina mafundo, lina vijiguu pembeni, halina kichwa. Mtoto mmoja akapiga kelele. Gesare akachukua jembe akaenda migombani, akafukua yaliyobaki, akayaweka kwenye kikapu cha chai na kuyafunika kwa jani la mgomba.

"Hii ndiyo alifukia," akasema. Kisha akasema neno moja la Kikisii ambalo sihitaji tafsiri: omorogi. Mchawi.

Nikasema ni chakula, ni kamba, Walter mwenyewe ndiye aliyeleta. Walter akasema ni kweli, alileta. Shemeji akamuuliza, "Na baba alikula?"

Walter akacheka kidogo. "Baba? Baba hawezi kula kitu kama hiyo."

"Basi ni nini ilimfanya?"

Wote wakanitazama. Mama alikuwa mlangoni kwake, Biblia kifuani. Akaingia ndani.

Jumatano, 25 Aprili

Nimegombana na Walter. Alianza kwa upole.

"Persis, niambie tu. Kuna kitu ulimwekea mama kwenye chai? Dawa ya kwenu? Pengine ulitaka akupende."

Maneno hayo ameyatamka mtu aliyelala kwetu, akala kwetu, akasali kanisa moja na mama yangu.

"Umekaa Mombasa miaka mingapi?" nikamuuliza. "Ulimwona nani akiwekewa dawa na mama yangu?"

"Sijasema ni wewe. Nauliza."

"Unauliza."

Neno lilikuwa ulimini. Ningelisema, ningepumua. Nikatoka nikasimama kwenye mvua.

Jumapili, 29 Aprili

Nilimfuata mama shambani. Nikamwambia, "Mama, nimechoka. Sema wewe, au uniruhusu niseme mimi."

Aliendelea kuchuma. "Nikisema, nitatoka kanisa," akasema. "Mimi ndiyo nafundisha wamama wengine. Mimi ndiyo nilimtoa Orpah kwa kiti yake ya kanisa juu ya pombe tu, kikombe moja. Nitaketi wapi?"

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Ngoja kidogo. Watu watasahau."

Nimekuwa nikimwogopa mwanamke huyu, halafu nikamheshimu, na siku ile ya mvua nilimpenda. Leo nilimtazama mgongo akienda na kikapu chake, sikumpenda hata chembe.

Ijumaa, 4 Mei

Asubuhi nimekuta mlangoni kitita cha nyasi za paa. Kimechomwa nusu, nusu nyingine ni mbichi. Walter alikiona, akakiondoa haraka kwa mguu, lakini nilishaelewa. Wazee wawili wa ng'ambo ya mto, walioitwa wachawi, waliwahi kuchomewa nyumba wakiwa ndani. Alinihadithia yeye mwenyewe, tulipokuwa wachumba, kwa kunitisha kwa mchezo.

"Jumapili wazee wa ukoo wanakaa baraza," akasema. "Afadhali uende Kisauni kwa muda."

"Na Esnah."

"Esnah ni mtoto wa hapa. Atabaki mpaka mambo yatulie."

Nimemfunga mtoto mgongoni tangu wakati ule. Nachota maji naye, napika naye.

Jumamosi, 5 Mei

Kesho nitasema. Mungu anisamehe kiapo.

Jumatatu, 7 Mei

Walikaa jana mchana, nyumbani kwa shemeji, kwa sababu ya mvua. Wazee kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Mzee Nyasani ndiye aliyeongoza. Ni mzee wa ukoo na tena ni mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini, anayekulazimisha uinamie kumsikia. Mama alikuwa pembeni yangu, si karibu sana. Kikapu cha magamba kilikuwa katikati ya chumba.

Gesare alisema kwanza. Alisema kwa Kikisii, na shemeji akanitafsiria, ingawa mengi niliyapata. Alieleza habari za mtoto wake. Hakupandisha sauti. Alisema mtoto alikuwa anacheka asubuhi, mimi nikampakata, jioni hakushika titi. Alisema alinyamaza miaka miwili kwa kuwa hana ushahidi. Sasa baba naye. Akafunua jani la mgomba kwa ncha za vidole, akarudi upesi mkekani kwake.

Ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Gesare haniigizii. Ananiogopa. Siku zote anazoniwekea kitu chini badala ya kunipa mkononi, amekuwa akiwalinda watoto wake waliobaki.

Mzee Nyasani akanigeukia, akasema Kiswahili taratibu. "Mwanamke wa Walter. Hii kitu ni chakula?"

"Ni chakula, mzee."

"Wewe ulikula?"

"Nilikula. Na Walter alikula."

"Hamkuugua."

"Hatukuugua."

"Huyu mama alikuja kwako, akatoka, akaanguka. Ulimpatia nini?"

"Sikumpa kitu."

"Basi ulimnong'oneza daktari nini?"

Neno likaja hadi kwenye meno. Nilikuwa nimelipanga tangu usiku, hata maneno nilikuwa nayo. Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa wima kama anavyokaa kanisani, na mkono wake ulikuwa umeshika nyasi za mkeka unazing'oa. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, anang'oa mkeka kama mtoto anayengoja kuchapwa.

"Mzee," nikasema, "kuna mtu niliyemwapia kwa Mungu nisiseme. Siwezi. Lakini sijamdhuru mtu hapa. Wala huyu, wala yule mtoto. Nilimpakata kwa sababu alikuwa mzuri."

Kukawa na manung'uniko. Shemeji akasema, "Basi aende. Mtoto abaki." Mwingine akaunga mkono. Nikatafuta macho ya Walter. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa nimekaza kanga ya Esnah mpaka akaanza kulia, na kilio chake kikajaa chumba kile, na hakuna aliyejua afanye nini nacho.

Mama akasimama. Akaenda katikati, akainama kwa shida, akachukua gamba moja kikapuni. Wanawake wakarudi nyuma. Akaanza kwa Kikisii, akakatiza, akaanza upya kwa Kiswahili. Nadhani alitaka niyasikie mwenyewe bila mtafsiri.

"Mimi nimekula," akasema.

"Baba, keti," akasema Walter. "Wewe ni mgonjwa."

"Sijagonjeka. Nyamaza. Mimi nimekula hii. Yeye hakunipatia. Mkono yangu ndiyo ilichukua kwa sahani yake. Kipande moja. Halafu nikaongeza." Akamgeukia Nyasani. "Nilijua ni kitu imekatazwa. Mimi ndiyo nilimwapisha asiseme. Daktari alisema mwili yangu ndiyo inakataa. Huyu mtoto mmemweka moto wiki nne, na mimi nakunywa uji yake na ninanyamaza."

Mzee Nyasani akavua miwani. "Kwamboka. Unajua unasema nini?"

"Najua. Andika jina yangu mahali unaandikanga."

Mama akaliweka gamba kikapuni kwa taratibu, kama mtu anayerudisha yai kiotani. Kisha akaja akakaa, safari hii bega lake likagusa langu, akamchukua Esnah.

Jumanne, 8 Mei

Walter ameniomba msamaha. Nimempikia. Msamaha sitaki kuutoa kwa haraka. Juzi alikuwa akiangalia viatu vyake.

Jumamosi, 19 Mei

Kanisa limemtenga mama. Ametolewa uongozini, hatashiriki meza ya Bwana mpaka mwaka uishe. Wanasema Orpah alipiga kura ya kumtenga, kisha akatoka nje akalia.

Jumapili, 27 Mei

Kituoni wanawake wananisalimu. Gesare hasemi. Jana mwanawe alikuja mpaka mlangoni kwetu, akaitwa, akarudi.

Jumamosi, 2 Juni

Asubuhi jua lilitoka. Leo kwa Wasabato ilikuwa siku ya meza ya Bwana. Kabla ya mkate hutawadhana miguu, mwanamke na mwanamke mwenzake, wawili wawili. Wote walikwenda. Mama alibaki. Alivaa nguo yake nyeupe ya kanisani, akakaa kwenye benchi nje ya nyumba yake, anasikiliza nyimbo zikipanda kutoka bondeni.

Nikaona siwezi kumwacha akae vile. Nikatia maji kwenye karai, nikachukua taulo, nikaenda.

"Wewe si wa kanisa yetu," akasema.

"Sijui kanuni zenu, mama. Najua kuosha miguu."

Akafikiri. Kisha akavua viatu. Ana miguu ya mtu aliyelima maisha yake yote, nyayo zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Niliiosha. Nilipomaliza akataka kuinama aoshe yangu, mgongo ukamkataa. Tukacheka wote wawili, sisi ambao hatujawahi kucheka pamoja.

Hapo lango likalia. Gesare. Nguo za kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya matope, na ibada haijaisha, nyimbo bado zinasikika. Akasimama mbali kidogo.

"Umeacha meza ya Bwana?" mama akamuuliza.

"Sijapata mwenzangu," akasema Gesare. "Kila mara ni mimi na wewe, baba. Leo nimeketi nimeshika karai peke yangu. Nimerudi."

Akaja hadi benchi. Nilidhani atamwosha mama, nikajisogeza kumpisha. Lakini mama miguu yake ilikuwa imeshaoshwa, imefunikwa kwa taulo. Gesare akaona hivyo. Akamwaga yale maji, akaenda kwenye pipa akachota mapya, akarudi, akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa. Hakuniangalia usoni. Akanyoosha mikono, akangoja mguu wangu.

Ningeweza kukataa. Nilifikiria nyasi zilizochomwa mlangoni, nikafikiria na mtoto aliyekuwa anacheka asubuhi. Nikautia mguu wangu kwenye karai. Maji yalikuwa baridi sana. Gesare akaushika kwa mikono yote miwili, akauosha mpaka kwenye vidole, akaufuta kwa kanga yake mwenyewe.

Nikampa na wa pili.